Hesabu za Pumzi

Miaka thelathini na moja nilihesabu magunia
kwenye kinu cha kahawa, hapo Moshi mjini:
yaliyoingia, yaliyotoka, upungufu.
Sikujua kwamba nafanya mazoezi.

Sasa nahesabu pumzi za Ndeanasia.

(Mgonjwa wa pumu kuzaliwa Moshi, husema mwenyewe,
ni utani wa Mungu. Kisha hucheka,
kisha kicheko hugeuka kikohozi, nami hushika kalamu.)

Daftari la kwanza, la jalada la bluu,
ni la miaka ya vidonge vyeupe.
Machi: kalazwa siku nne. Mei: kalazwa, oksijeni.
Julai, ukungu uliposhuka hadi kwenye migomba,
nimeandika neno moja, "Usiku,"
nikalipigia mstari, na mstari mwingine.
Vidonge vilimpa pumzi kwa mkono wa kulia,
kwa wa kushoto vikamchukulia mifupa,
vikamvimbisha uso hadi wajukuu
wakauliza bibi amemnunia nani.

Halafu ikaja sindano.
Daktari Kileo akatueleza:
ndani ya damu kuna walinzi
waliomsahau adui,
wanabomoa nyumba waliyopewa kuilinda.
Sindano hii inawanyima posho.
Nikauliza swali la karani: asilimia ngapi?
Akataja namba nzuri, kisha akavua miwani.
"Ila wale wa utafiti, mzee,
walichaguliwa kama mbegu.
Hawakupikia kuni, hawakuwa na kisukari juu ya pumu,
friji zao hazikuzimika siku tatu.
Kwenu tutajulia kwenu."

Tukajulia kwetu.
Sindano ya tatu, umeme ulikatika Uru nzima.
Niliifunga kwa taulo isigande, nikaizungushia
barafu ya muuza samaki,
nikashuka nayo hadi kwa muuguzi Haikaeli
nikinuka sato.
Sindano ya tano haikuja. Mfadhili, tuliambiwa,
"anapitia upya."
Mwezi ule kifua kililia kama mlango wa zizi.

Elinami wa ng'ambo ya mfongo
alichomwa dawa hiyohiyo, na Haikaeli huyohuyo.
Haikumsaidia kitu. Tulimzika Februari.
Naandika na hilo, maana daftari
linaloandika faida peke yake
ni barua ya kuomba mkopo.

Basi, nafunga mwaka:
kulazwa, toka mara sita hadi mara mbili.
Vidonge, toka vinne hadi nusu.
Kipima pumzi, toka mia na themanini
hadi mia mbili na sabini,
isipokuwa Julai. Julai bado ni Julai.
Hajapona. Sitaandika "amepona."

Lakini jana, na hili halina safu,
nilimkosa ndani, nikatoka na kipulizio mkononi,
moyo ukinitangulia kwenye matope.
Nikamwona anapanda kutoka kihambani
na mkungu wa mshare begani, si mkubwa,
anamgombeza mbuzi wa watu
kwa sentensi ndefu isiyo na mkato wala kituo,
ikipita ukoo wa mbuzi, ikarudi kwa mwenye mbuzi,
ikapanda naye kilima.
Nikasimama kwenye masale, natega sikio
pale ambapo zamani ingekatika.

Akaniona.
"Unatazama nini? Pokea mkungu."