Mbono wa Kaburini

Baba, leo nimekuchuma.
Nimeanza vibaya, nisamehe: nimechuma mti wako,
ule mbono tuliouchomeka kichwani pako
ukiwa kijiti kikavu, mwaka mvua ilipotunyima,
bila maji, bila samadi, kwa Yasini tu,
nao ukashika.

Mbuzi wa Kongowe hawachagui.
Wamekula mashada ya plastiki pamoja na utepe,
wamekula kibao cha boksi cha mtoto wa jirani.
Mbono huunusa, hupiga chafya, huenda zao.
Mti mchungu ndio mlinzi wa majina.

Walikuja wale wa magari meupe, unakumbuka,
wakamwambia Mjomba Mwinyigoha kule Lugoba:
huu ni mti wa jangwani, hauombi kitu,
panda, kalale, utaamka tajiri.
Akang'oa mihogo.
Mti haukufa. Walisema kweli, nusu yake.
Ulisimama kiangazi chote na majani matatu
kama mtu aliyefunga asijue magharibi ni lini,
na mbegu zake zote hazikujaza kibaba.
"Asiyekunywa hakojoi," mjomba alisema,
akarudi kutafuta vipando vya mihogo kwa watu.

Kwa hiyo mimi sikuja na ahadi.
Nilikuja na mfuko wa saruji.
Nikachuma kwako, nikabisha hodi kwa majirani zako,
Bwana Kitwana, Bi. Arafa, na yule asiye na jina,
nikimwambia kila mmoja: naazima.

Nyumbani Tandika nimemenya hadi kucha zikawa nyeusi.
Nimekamua kwa jeki yako,
ile ile yenye kutu shingoni
iliyokuinulia Skania usiku ule wa Kitonga.
Mafuta yalitoka kwa kusitasita, rangi ya asali changa.
Nikayachuja kwa kanga kuukuu ya mama, nikayapasha,
methanoli kidogo, kostiki ya watengeneza sabuni,
dirisha wazi, watoto nje, pumzi nimeibana.
Asubuhi chupa ilikuwa imejigawa yenyewe:
chini uzito mweusi unaonata,
juu kitu chepesi, unaona vidole vyako ng'ambo.

Lita moja na nusu.
Wewe uliyechoma dizeli miaka thelathini
umeanza kurudisha.

Umeme ulikatika saa nne.
Kwa Shomvi, kwenye mashine ya kusaga,
ndoo zilipanga foleni hadi kwenye mtaro.
Alinusa chupa yangu. "Hii si ya kukaangia?"
Akamimina hivyo hivyo, akazungusha mkono wa chuma.
Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, kwa hasira,
kama wewe ukiamshwa alfajiri kabla ya zamu.
Ikakubali.
Moshi ulinuka maandazi,
na watoto wa mtaa wakaja na sahani. Wallahi, sahani.

Bi. Semeni, mahindi yake yakiwa yameshamiminwa,
akauliza mafuta yametoka wapi.
Sijui kudanganya mbele ya chakula.
Nikasema.

Foleni nzima ikanyamaza.
Injini peke yake iliendelea kuongea.
Mmoja akavuta ndoo yake nyuma, taratibu,
kama anayemwondoa mtoto kwenye ukingo wa kisima.
Shomvi akanitazama: nizime?
Bi. Semeni alitia kiganja chini ya mdomo wa mashine,
unga ukamshukia, mweupe, wa moto.
Akaufikicha. Akauonja.
"Huyo Pazi," akasema,
"alikufa na deni langu la debe la mahindi.
Saga."

Dakika ishirini na tatu, nilizihesabu.
Kisha ikakata pumzi,
na kijana akatumwa kituoni na kidumu.

Debe halikutimia, baba.
Nitakuja tena ukizaa.
Safari hii nitakuletea maji.