Saa Yako Iko Nyuma

Bi Somoe Nampunju alifika sijamaliza kufagia,
ukungu wa Newala bado umelalia barabara,
namba yake ya mkulima kaiandika kiganjani kwa kalamu.
"Niandikishie salfa. Mwisho leo saa kumi."

Ukurasa ukaja nusu:
nembo, kichwa cha habari, mstari wa kijani,
na pale panapokaa ramani ya mashamba
peupe, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.
Nikabonyeza INGIA. Kimya.
Nikabonyeza tena, kwa adabu.
*Huna ruhusa ya kuona sehemu hii.*

"Mimi?" kasema. "Shamba langu mwenyewe?"

Nikaanza kazi yangu ya kila siku, kazi ya kubisha hodi.
Modemu nikaizima, nikaiwasha.
Nikaingia kwenye mipangilio, chumba kwa chumba:
javaskripti inafanya kazi; kizuia matangazo nikakitoa;
kuki nikaziruhusu zote, naye akacheka:
"Kumbe nayo hula biskuti,
ndiyo maana haishibi vocha."
Nikafungua kivinjari kingine, kile cha mbweha.
Ukuta uleule, chokaa ileile.

Saa nne. Foleni ya fotokopi imefika mlangoni.
Dereva wa bodaboda, asiyeulizwa, akashauri teke.

Mwisho nikafuta kumbukumbu.
Ndivyo wanavyoiita, kumbukumbu:
yale yote ambayo kivinjari kimeyaweka
ili kisiulize mara mbili.
Ukurasa ukaanguka wote, hata nembo,
na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mashine ikasema kweli:
*Saa yako iko nyuma.*

Nikatazama chini, pembe ya kulia, nisipotazama kamwe.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Usiku umeme ulikatika; kibetri cha ubaoni,
kile cha mviringo kama kifungo cha koti,
kimekufa bila kuaga,
na mashine ilipoamka ikarudi mwaka inaoujua.
Vyeti vyote vya mtandao, kwake, havijazaliwa.
Itamfungulia nani,
ikiwa kila mgeni anatoka siku ambayo haijafika?

Nikamweleza hivyo, kwa ufupi.
Akasogea, akavaa miwani yenye mkono mmoja.
"Humo ndani ni elfu mbili na tisa?"
"Ndiyo, bibi."
"Januari?"
"Mosi."
Akahesabu kwa vidole vya mkono usioandikwa.
"Basi humo baba Mwanaidi anapalilia Kitangari.
Ile mistari ya mwisho hata hajaipanda."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya.
"Usiiguse kwanza," kasema.

Sikuigusa.
Fotokopi ikanguruma, mtu akakohoa mlangoni.
Bi Somoe akakaa mbele ya zile tarakimu
kama aliyepita kwa jirani akakuta mlango wazi,
asiingie, asiondoke.

"Haya. Rekebisha. Salfa haingoji."

Kishale cha juu kinapandisha mwaka mmoja mmoja.
Kumi. Kumi na moja. Nikabonyeza polepole.
Kwenye kumi na nne akatazama sakafu.
Sikuuliza. Nikaendelea kupanda.

Ramani ikaja vipande vipande, kutoka angani,
vichwa vya miti kama punje za mtama.
Akaweka kidole kwenye kioo, alama ikabaki.
"Hapa. Hii."
"Mikorosho mingapi?"
"Mia na arobaini na miwili. Miwili imekauka."
"Fomu inataka iliyo hai."
Akafikiri.
"Andika mia na arobaini."

Kibetri nimeagiza Masasi, hakijafika.
Kila umeme ukikatika mashine hurudi kulekule,
nami kila asubuhi huipandisha, ila siku hizi sikimbilii.

Jana Bi Somoe alipita, hana fomu, hana shida.
Akasimama mlangoni na ndoo yake ya maji,
akauliza tu kama usiku umeme ulikatika.