Neno Kabla ya Mguu

Wanavua mabuti mlangoni,
wanatoa mifukoni viatu vya ngozi laini
ambavyo havijawahi kukanyaga nje.
Ukumbi wa wakulima unanuka sufu mbichi,
kahawa, nta ya sakafu.
Nje, mwezi wa Machi umeigeuza barabara ya Vermont
kuwa uji.

Mimi niko jukwaani na bati la biskuti.
Ndani, kadi mia mbili na ushei, moja kwa kila dansi,
nyingine zina madoa ya supu,
moja ina mwandiko wa Verity Pruitt, aliyenifundisha kuita.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
*Usiseme samahani. Sema kinachofuata.*

Wanne wanne, shikaneni.

Ni hivi: fidla ina mapigo nane, mguu una nane,
ulimi wangu umepewa la saba na la nane tu.
Nikisubiri la kwanza, nimechelewa.
Nikiwahi mno, wanaruka ovyo kama bisi kikaangoni.
Neno sharti limtangulie mguu,
lisimame kidogo hewani,
kama mwenyeji anayefungua mlango
hujapiga hodi.

Safu mbele, safu nyuma.
Zungukeni na jirani.
Pishaneni migongoni.

Siku hizi hatusemi mabwana na mabibi.
Tunaita ndege wawili, wa kushoto na wa kulia,
na Ambrose Leclair, seremala, miaka sabini na minne,
amekuwa ndege wa kulia tangu Krismasi,
kwa sababu, anasema, upande wa kushoto
goti lake limestaafu.

Januari nilikosea.
Nilisema kushoto, mkono wangu mwenyewe
ukionyesha kulia.
Safu ikafumuka kama sweta.
Msichana mmoja, mgeni, akabaki katikati
amemnyooshea mkono mtu ambaye hayupo.
Nikavuta pumzi ya kuomba radhi,
nikaona wino mwekundu.

Na mwenzio, zungukeni!

Wakashikana, yeyote na yeyote,
na fidla ya Tamsin haikukatika hata uzi.

Mzunguko wa kwanza nasema yote.
Wa tatu, nusu.
Wa tano, neno moja, tena kwa chini.
Wa saba nafunga mdomo,
na chumba kinakwenda.
Nasimama kama mtu aliyelisukuma gari la jirani
likatoka kwenye matope:
linaondoka, halipigi hata honi,
naye yuko pale, mikono michafu, anacheka peke yake.

Mwisho wa kila safu kuna wawili wasio na wa kucheza nao.
Husubiri mzunguko mmoja, hubadilishana nafasi, hurudi.
Wageni huona haya pale, hudhani wamesahauliwa.
Verity alipapenda.
Ukiwa ndani, alisema, unaona mabega tu.

Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya mto.
Jina langu limemtoka, la mumewe pia.
Jumanne nilimshika mikono yote miwili,
yeye kitini, mimi nimechuchumaa,
nikaanza, bila sababu: *safu mb—*
Slipa yake ya buluu ilikuwa imeshasogea.
Moja, mbili, tatu, akagusa chini.
Kisha akanitazama kwa ukali,
kama ninayemchelewesha mwalimu.

Tamsin ananitazama juu ya upinde wake,
nyusi zimepanda: *bado ngapi?*
Ambrose anapita, ndege wa kulia, jasho mpaka masikioni.
Yule msichana wa Januari amerudi,
anageuka bila kunisikiliza.

Nilikuwa nionyeshe vidole viwili.
Naonyesha vinne.