Jumlisha na Toa

Mnaniuliza alifunga mangapi.
Tisa.
Si tisa kwa msimu. Tisa zote,
kwa miaka kumi na minne ya kulipwa mshahara
asimame juu ya barafu.
Cheka, Mama Riziki, hata mimi nilicheka.
Nikamwambia kwa simu, mwanangu,
tisa ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili.
Akanijibu: mama, mimi ni beki.

Barafu niijuayo mimi ni ya ukwaju na ya ubuyu,
imefungwa fundo kwenye kifuko,
unang'ata pembe, unafyonza
hadi ibaki nyeupe, haina ladha.
Ndiyo niliyokuwa nikiuza papa hapa, lango la shule, Muyeye,
wifi yangu Dama alipokuja na mumewe Mwitaliano,
mtu wa milimani, shingo imeiva kwa jua letu,
akasema, nipe Ngumbao nikamsomeshe.
Miaka sita. Midomo myekundu kwa ubuyu.
Nikamtoa.

Huko wakamfunga visu miguuni.
Nilipoiona picha nilipiga ukemi, majirani wakaja.
Kumbe ndivyo wanavyotembea, na vitoto vyao pia.
Akarefuka, akajaa,
kocha akamtazama mabega akamwambia: wewe, nyuma.

Alinitumia video. Nikanunua bando, nikakesha.
Kile kidude cheusi wanachogombea
sikukiona hata mara moja, kinapita kama nzi.
Basi nikaamua kuutazama mgongo wake tu,
arobaini na nne.
Wenzake wakikimbilia goli la watu
yeye yu arudi kinyumenyume
kama mtu aliyeona nyoka
na hataki kumpa kisogo.
Nusu dakika, anatoka kuhema. Anarudi tena.
Mtangazaji hamtaji.
Siku alipoteleza bao likaingia
ndipo nikalisikia jina la baba mkwe wangu
kwenye kinywa cha Mzungu,
Ng yake imemezwa: Gumbao! Gumbao!

Meno ya mbele, msimu wa tatu.
Taya, wa tano.
Wa saba wakamuuza bonde la pili,
na bonde la pili likamrudisha lilikomtoa,
sufuria zake zingali kwenye boksi.
Kifundo cha mguu alikivunja kwa kujilaza
mbele ya kile kidude kikija.
Makusudi? nikamuuliza.
Makusudi, mama. Kikinipata mimi, hakijampata kipa.

Mabao yasiyoingia hayana daftari.
Lakini watu kama yeye wanayo hesabu yao:
timu ikifunga naye yumo ndani, jumlisha moja,
ikifungwa naye yumo, toa moja,
awe na kosa asiwe nalo.
Mwaka jana aliporudi, goti linalia kama bawaba,
alinisomea yote, msimu kwa msimu,
mimi huku nafunga mafundo.
Jumlisha kumi na mbili. Toa tisa. Toa ishirini,
mwaka ule mbaya. Jumlisha, toa, jumlisha.
Mwisho wake?
Kasoro moja, akasema, na akacheka.
Miaka kumi na minne, mama, kasoro moja tu.

Sikucheka.
Nimelea watano, nimezika mume,
nimejenga vyumba viwili kwa sarafu za watoto wa shule.
Nami nina kasoro moja, na tarehe yake naijua:
Jumanne, gari jeupe, mkono mdogo dirishani.
Sikumwambia.

Kengele ya saa nne haijalia.
Amekaa kwenye kreti kando ya friza,
mguu kaunyoosha njiani, watu wanauruka.
Nimemfunga barafu mbili za ubuyu gotini kwa leso,
wekundu unamchuruzika hadi kwenye soksi.
Ya tatu ameichukua mwenyewe, hakuomba.
Hang'ati tena kwa mbele.
Anaipeleka pembeni, kwenye magego,
anafumba jicho moja,
na kifuko kinapasuka.