Baiti Kumi na Sita

Mzee Ndetaulwa aliileta ndani ya gunia la pumba,
kompyuta ya chama cha msingi, Kibosho,
nzito kama jiwe la kusagia,
panzi mkavu kwenye feni.
"Ina majina," alisema. "Kilo za kahawa, mwaka tisini na moja.
Ukoo unakaa Jumamosi kuamua kihamba.
Nataka waone ilipimwa kwa jina langu."

Nikafungua. Diski nzima.
Kilichokufa ni chipu ya kuamshia,
ile yenye kidirisha cha kioo mgongoni.
Kibandiko kilibanduka, miaka ikapita,
na jua la dirishani pale ofisini
likalamba amri moja moja
mpaka mashine ikasahau hata namna ya kuamka.

Basi nikaandika upya,
Kiusa, nyuma ya duka la vitenge,
nikakesha mara nne.

Wajua mashine hii huamkia wapi?
Kileleni. Umeme ukiingia tu, iko juu kabisa,
mbele yake baiti kumi na sita, kisha hewa.
Hapo hapajengwi nyumba.
Pana nafasi ya neno moja: ruka.
Nami nikaiandalia pa kutua:
pima kumbukumbu, gutusha kibodi, tafuta diski.
Na kabla ya yote jijumlishe mwenyewe,
jibu liwe sifuri;
likizidi, likipungua, simama hapo hapo.

Chipu tupu nilikuwa nazo tatu.
Ya kwanza niliichomeka kinyumenyume; ikanuka.
Ya pili ilivunjika mguu.
Ya tatu niliichoma taratibu, dakika saba,
nikaipachika, nikawasha,
na kioo cha kijani kikasema:
AMKE.

Amke! Si amri, si heshima.
Mama yangu, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini,
angetafuta kalamu nyekundu.

Dawa ya kosa kama hilo ni jua.
Unaiweka chipu juu ya bati, wiki nzima, uchi,
inasahau yote, unaanza tena.
Lakini ni Julai. Mlima haujaonekana tangu Jumapili ya juzi,
wingu limeufunika mji kama sinia.
Na leo Ijumaa.

Nikachukua karatasi ya maandazi,
nikaandika E, nikaandika A, kwa moja na sifuri,
tarakimu nane juu, nane chini.
Zinapishana mahali pamoja tu:
pale E ina moja, A ina sifuri.
Na moto wangu mdogo kazi yake ni hiyo,
kuifanya moja kuwa sifuri. Kurudisha hauwezi.
Kumbe A ilikuwa ndani ya E muda wote,
imebanwa na kitu kimoja cha ziada.

Nikakiunguza.
Jumla ikapungua nne. Nikashuka mwisho wa chipu,
kwenye uwanja nilioacha mtupu,
nikachagua baiti isiyo na kazi
nikazima sita kati ya moja zake nane,
mpaka hesabu ikazunguka, ikarudi sifuri.

AMKA.

Diski ikakohoa, ikanguruma.
Saa ikadai ni Januari mosi, mwaka themanini;
sikubishana nayo.

Asubuhi Mzee alisoma kwa kidole, akigusa kioo.
Akapita ukurasa. Akarudi.
Akafuta miwani kwa shati.
Shamba lile lilikuwamo, msimu hadi msimu,
mia mbili na kumi, mia na tisini na nne,
na pembeni yake jina moja tu, halibadiliki:
Aikande.
Dada yake. Yule aliyeambiwa hana fungu.

Tukasikia feni.
"Na hii," akauliza, bila kunitazama, "nayo hufutika?"

Nje wingu lilikuwa limepasuka.
Jua likaingia, likapanda meza,
likafika kwenye mashine iliyo wazi.
Nikakata kipande cha gundi nyeusi,
nikabandika juu ya kile kidirisha,
nikakandamiza kwa gumba
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.