Kandambili ya Kushoto

Saa tisa alasiri, Cimpunda ikawa usiku.
Kwanza tone moja, zito, kama aliyepotea njia,
kisha kimya,
kisha mbingu ikamwaga kokoto zake
juu ya manjanja ya mama.

Manjanja ni neno letu; vitabu husema mabati.
Lakini vitabu havijalala chini yake
mvua ya mawe ikishuka: njanja, njanja, njanja,
hadi mtu na ndugu yake, pua kwa pua,
wanaongea kwa mikono.

Huku Bukavu hatuna majira ya barafu.
Tuna robo saa yake, mwezi wa kumi.
Inatosha.
Ilijaa kwenye kile kibonde
paa la nyumba linapokutana na paa la jikoni,
ikaziba mfereji,
na maji yaliyozoea kushuka kwa adabu
yakakuta mlango umefungwa, yakageuka,
yakapanda kinyumenyume chini ya bati
yakaingia ndani bila hodi:
kitandani, kwenye unga,
kwenye daftari la Ansima la jiografia,
Ziwa Kivu likavuka mpaka wake wa kalamu.

"Ipige kwa jembe!" Bisimwa akapaza sauti toka ng'ambo ya ua.
"Jembe likwangue zinki," mama akajibu,
"kesho kutu ije kunywa chai hapa?"
Akapanda na ungo, na mpini wa fagio
aliouzungushia kitenge kikuukuu.
Akaisukuma barafu polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.
"Mnaona?" alituambia toka juu,
"usikanyage tumbo la bati.
Kanyaga palipo na msumari, chini yake pana mbao."
Sisi chini tulikuwa tunaila barafu kwa sukari.
Alituona. Hakusema kitu.

Mabati manane ya mbele ni ya maharagwe,
debe kwa debe, soko la Kadutu.
Matano ya katikati ni ya likelemba,
mwaka ule wa kilio cha baba.
Mawili ya nyuma, ya bluu,
aliyaleta Akonkwa toka Kamituga,
kayabeba kichwani mlima mzima,
upepo ukitaka kumfanya ndege.
Akarudi machimboni na viatu vipya.
Kandambili zake zikabaki uvunguni.
Mvua ngapi sasa? Mama anajua. Mimi niliacha kuhesabu.

Asubuhi jua likatuonyesha hasara:
nyota kumi na moja, mchana, ndani ya nyumba.
Lami tuliipata, nusu kopo la nyanya.
Misumari tuliinyoosha juu ya jiwe.
Lakini msumari mtupu ni tundu jingine, mama husema;
lazima uvae mpira shingoni
maji yasiteleze nao.

Akainama uvunguni.
Akatoka na ya kushoto.
Nilitaka kusema kuna mpira wa baiskeli kwa Bisimwa,
ulimi ukakataa.
Akachukua wembe, akakata viduara,
kimoja, kingine,
akizunguka mbali na kisigino
pale uzito wa mwanawe ulipoacha shimo.
Kumi na kimoja vikatosha.
Kisigino akakirudisha uvunguni, kando ya ile ya kulia.

Kandambili ni mbili, jina lenyewe linasema.
Ikibaki moja na kipande, huitwaje?
Sikumuuliza.

Jumanne mvua ikarudi, safari hii bila mawe.
Mama hakulala. Alipita chini ya kila kiraka
kiganja kikiwa juu, kama anayeomba,
au anayepima joto la paji la uso.
Pakavu.
Pakavu.
Na huko juu, nasema nilivyosikia,
mtu alikuwa akitembea kwa mguu mmoja,
taratibu,
akikanyaga palipo na msumari tu.