Misumari ya Inchi Moja

"Hiyo ni ya kutishia kunguru," alicheka Kimosop,
akaweka yake mezani, ikatoa kishindo.
Sikumjibu. Mimi nauza misumari Nakuru, nyuma ya soko la Wakulima,
najua thamani ya kitu kidogo kinaponunuliwa kwa wingi.

Risasi yake moja, zangu tano.
Nilipiga hesabu kwenye karatasi ya simenti:
leseni, ada ya klabu, karo ya Nekesa muhula wa pili.
Bastola kubwa ingenipa milio kumi kwa mwezi,
na kila mlio ningeulipia mara mbili,
kwa pesa na kwa kufumba macho.

Ndogo haina makuu.
Inakohoa tu, kama mtu aliye matangani,
na mkono unabaki palepale.
Sajini mstaafu Opicho ana neno moja, hulirudia:
"Vuta kama unamwamsha mtoto."
Nimemwamsha mara mia mbili tangu Jumamosi iliyopita.
Leo hakulia.

Upepo wa Menengai unaleta vumbi,
karatasi inapepea: matundu saba,
kifuniko cha soda kingeyafunika yote.
La nane limepotelea kando.
Hilo ni la usiku ule waliponivunjia duka,
nikasimama na kurunzi
ikitetemeka hata nisione sura.

Kimosop amemaliza zake sita, anatafuta kivuli.
Mimi bado nina nusu boksi.
Najaza tena, moja moja,
kama ninavyomhesabia mteja
asiye na pesa ya kilo nzima.